Kandili za Wahakka: Taa inayomwingiza mtoto katika ukoo

KILA mwaka mpya wa Kichina unapoingia, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, familia za Wahakka zilizojaliwa mtoto wa kiume katika mwaka uliotangulia huwa na wajibu mmoja mkubwa. Huchukua kandili ya karatasi, huipeleka katika jumba la mababu wa ukoo, na kuitundika kwenye boriti mbele ya madhabahu.

Ada hiyo, ambayo kwa Kichina huitwa shangdeng, yaani kupandisha taa, si pambo la sikukuu tu. Kwa vizazi vingi ndiyo iliyokuwa kama cheti cha kuzaliwa: mtoto aliyetundikiwa kandili alitambuliwa na walio hai na waliokufa kuwa mwanaukoo. Wasichana hawakutundikiwa.

Wahakka ni akina nani?

Wahakka ni tawi la Wachina wa kabila la Han. Jina lao lina maana ya "jamaa wageni", kwa kuwa wazee wao walihama kutoka kaskazini mwa China, wimbi baada ya wimbi, kwa muda wa karne nyingi, wakikimbia vita na njaa.

Walipofika kusini walikuta mabonde yenye rutuba yamekwisha kukaliwa. Wengi walilazimika kujenga makao yao milimani, mahali ambapo mikoa ya Guangdong, Fujian na Jiangxi hupakana. Mji wa Meizhou, mkoani Guangdong, huhesabiwa hadi leo kuwa kitovu cha lugha na utamaduni wao.

Uhusiano wao na wenyeji haukuwa wa amani daima. Kati ya mwaka wa 1855 na 1867, Wahakka na wenyeji wa Guangdong walipigana vita vikali vya kugombea ardhi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapoteza maisha. Baadhi ya waliohama walivuka bahari, na ndiyo sababu Wachina wengi wa kisiwa cha Mauritius, katika Bahari ya Hindi, ni wa asili ya Kihakka.

Kwa watu walioishi hivyo, ukoo ndio uliokuwa ngome. Kuwa na wanaume wengi kulimaanisha kuwa na mikono ya kulima na watetezi kijiji kinaposhambuliwa. Aidha, kulihakikisha kwamba watakuwapo watu wa kuyahudumia makaburi ya wazee.

Maneno mawili, sauti moja

Mzizi wa ada hii umo katika lugha. Neno la Kichina lenye maana ya taa ni deng. Neno ding nalo humaanisha mwanamume anayehesabiwa, na lilitumiwa na serikali za kifalme katika kuwaorodhesha wanaume waliopaswa kulipa kodi na kufanya kazi za umma. Katika Kihakka maneno haya mawili hutamkwa sawasawa kabisa.

Kwa hiyo, Mhakka anaposema ameongeza taa, sikio la msikizaji husikia pia kwamba ameongeza mwana. Kutundika kandili kukawa ni kutangaza uzazi bila ya kuhitaji maelezo.

Ada hii iliambatana na Sikukuu ya Kandili, ambayo huadhimishwa kote nchini China usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya mwandamo, mwezi ukiwa mpevu. Mahali pengine sikukuu hiyo ni ya burudani. Kwa Wahakka ikawa pia siku ya kuhesabu watu.

Jinsi kandili inavyopandishwa

Siku hasa hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, lakini sherehe nyingi huangukia kabla ya tarehe hiyo ya 15 au siku yenyewe. Kandili huundwa kwa fito nyembamba za mwanzi zilizofunikwa kwa karatasi za rangi, nyekundu ikitawala, na kupambwa kwa maua na picha zilizokatwa kwa mkasi. Mafundi wa mji mdogo wa Zhongxin, katika wilaya ya Lianping, wamejipatia sifa kwa ustadi huo.

Familia hutoka nyumbani na kandili kwa msafara wa ngoma, matoazi na fataki. Jumbani, vijiti vya udi huwashwa na wazee hupewa habari ya mtoto kwa tambiko la kuku, nyama ya nguruwe na mvinyo. Kisha kandili hufungwa kamba na kuvutwa polepole hadi kwenye boriti, huku waliohudhuria wakishangilia.

Jina la mtoto huandikwa katika kumbukumbu za ukoo. Baadaye jamaa na majirani huketi kwenye karamu inayogharimiwa na familia zilizopata watoto. Kandili huachwa zikining'inia kwa siku kadhaa. Zamani ziliwashwa kwa mafuta au mishumaa. Siku hizi nyingi hutiwa balbu. Sherehe inapokwisha hushushwa, na mahali pengine huteketezwa.

Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, kati ya 1966 na 1976, ibada za mababu zilipigwa marufuku na vitabu vingi vya nasaba vikachomwa moto. Majumba mengi ya koo yaligeuzwa kuwa maghala au shule. Baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka wa 1978, majumba yalikarabatiwa na kandili zikarudi kwenye boriti.

Binti hana taa?

Kinachoshangaza ni kwamba jamii hii iliyowasahau mabinti ndiyo iliyowategemea mno wanawake wake. Wakati ambapo wasichana wengi wa Kichina walifungwa miguu tangu utotoni ili isikue, wanawake wa Kihakka kwa jumla hawakufungwa. Walilima, walichanja kuni na kubeba mizigo mabegani, hasa waume zao walipokwenda ng'ambo kutafuta riziki. Hata hivyo, hakuna kandili iliyopandishwa walipozaliwa.

Huko Hong Kong, ambako vijiji vya Wahakka na vya wenyeji wengine vya eneo la New Territories huwasha kandili za aina hii, suala hilo limegusa hata mali. Tangu mwaka wa 1972, mwanamume wa nasaba ya vijiji hivyo aliyetimiza umri wa miaka 18 anaweza kuomba kibali cha kujenga nyumba moja ya ghorofa katika maisha yake. Watu huiita "nyumba ya ding", kwa neno lile lile la kandili. Wanawake hawana haki hiyo.

Ni mwaka wa 1994 tu ambapo sheria ilibadilishwa na kuwawezesha mabinti wa vijiji hivyo kurithi ardhi pale ambapo marehemu hakuacha wosia. Mpango wa nyumba wenyewe ulipopingwa mahakamani, Mahakama ya Rufaa ya Mwisho iliuidhinisha mwaka wa 2021.

Kwingineko mabadiliko yamekuja bila ya mahakama. Katika mji wa Dongshi nchini Taiwan, Wahakka husherehekea siku hiyo hiyo ya kandili kwa kupeleka hekaluni keki nyekundu za mchele wa kunata zenye umbo la kobe, ambaye ni ishara ya maisha marefu. Awali keki hizo ziliitwa za ding mpya na zilikuwa za wavulana. Leo zipo pia za mabinti, nazo huitwa za "dhahabu elfu", jina la heshima la binti kwa Kichina.

Nchini China, sera ya mtoto mmoja iliyodumu hadi mwaka wa 2015 iliziacha familia nyingi na binti pekee. Katika baadhi ya vijiji vya Wahakka, wazazi wa wasichana nao sasa hubeba kandili hadi jumbani.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Vijiji hivyo havijaacha mila: boriti ni ile ile na kandili ni ile ile, ila sasa anayehesabiwa ni mtoto.