Kubana matumizi ya kaya baada ya kipato kushuka

Kubana matumizi ya kaya ni hatua ambazo familia huchukua ili kupunguza fedha zinazotoka nyumbani pale fedha zinazoingia zinapopungua. Sababu za kawaida ni kupoteza kazi, biashara kudorora, ugonjwa au kifo cha mtafutaji mkuu, mavuno mabaya, na bei kupanda huku mshahara ukibaki palepale. Hatua hizo zina mpangilio, na mpangilio ndio unaoamua matokeo. Kaya mbili zinaweza kupunguza kiasi kilekile cha fedha na bado zikaishia mahali tofauti kabisa, kwa sababu moja ilianza na vitu vinavyoweza kurudishwa na nyingine ikagusa mapema vile visivyorudishika: lishe ya mtoto mchanga, dawa za kila siku, masomo, na nyenzo za kazi.

## Mawazo ya wachumi

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi, akaona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Kanuni yake imeendelea kuthibitika katika nchi nyingi, na inaeleza kwa nini kaya ya kipato cha chini haina pengi pa kukata.

James Duesenberry, mwaka 1949, alieleza kwamba matumizi hupanda kwa urahisi lakini hushuka kwa shida. Familia iliyozoea kiwango fulani cha maisha hukitetea kwa akiba, kisha kwa mikopo, kabla ya kukubali kuteremka. Milton Friedman, katika kitabu chake cha 1957, alitofautisha kushuka kwa muda na kushuka kwa kudumu. Pengo la muda linaweza kuzibwa kwa akiba. La kudumu linadai maisha yapangwe upya, na akiba inayotumika kulificha huisha bila kutatua chochote. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kaya inapaswa kujiuliza ni hali hiyo inatarajiwa kudumu kwa muda gani.

## Historia katika Afrika Mashariki

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, Rais Julius Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Ugumu ulidumu miaka mingi zaidi ya hiyo. Sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni, na mshahara wa mtumishi wa umma haukutosha kulisha nyumba hadi mwisho wa mwezi. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, alionyesha jinsi kaya zilivyojikwamua kwa "miradi": kuku na ng'ombe wa maziwa uani, maandazi na vitumbua, barafu, cherehani barazani. Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Mwaka 2020 mshtuko ulikuja kwa namna nyingine. UVIKO-19 ilipositisha safari za ndege, wafanyakazi wa hoteli za Zanzibar na Mombasa, waongoza watalii wa Arusha na wavuna maua wa Naivasha walipoteza kipato ndani ya wiki chache. Wengi wao walikuwa na mikataba ya msimu au hawakuwa na mkataba kabisa.

## Kujua kilichopo

Kabla ya kukata, kaya huandika. Daftari moja linatosha: upande mmoja kinachoingia, upande wa pili kila kinachotoka, pamoja na matumizi madogo ambayo hayakumbukwi, kama bando, vocha, bodaboda ya haraka, soda, na makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu.

Kwa aliyepoteza kazi, hatua hii inahusu pia haki zake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyeachishwa bila kosa la nidhamu kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutumikia, hadi miaka 10. Mabadiliko ya hifadhi ya jamii ya 2018 yalileta fao la upotevu wa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka pale nafasi ya kazi inapofutwa.

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha hesabu. Familia ya watu 5 iliyopanga Dar es Salaam ilikuwa na kipato cha shilingi 900,000 kwa mwezi. Mmoja wa wazazi amepoteza kazi na sasa zinaingia 500,000.

| Matumizi | Kabla | Baada |
|---|---|---|
| Kodi ya nyumba | 150,000 | 150,000 |
| Chakula | 300,000 | 190,000 |
| Nishati na maji | 80,000 | 50,000 |
| Nauli | 90,000 | 40,000 |
| Mahitaji ya shule | 70,000 | 50,000 |
| Simu na king'amuzi | 50,000 | 10,000 |
| Michango na vikoba | 140,000 | 10,000 |
| Mengineyo | 20,000 | 0 |
| Jumla | 900,000 | 500,000 |

Chakula kimepungua kwa shilingi 110,000, lakini sehemu yake katika kipato imepanda kutoka asilimia 33 hadi 38, kama Engel alivyoeleza. Kodi haijabadilika hata shilingi, na sasa inameza asilimia 30 ya kipato badala ya 17. Jedwali linaonyesha pia udhaifu wa mpango wenyewe. Hakuna akiba wala fungu la ugonjwa, na michango inayoifunga familia na wenzake imekatwa karibu yote. Mpango wa namna hii unafaa kwa miezi michache tu.

## Maeneo ya kupunguza

### Chakula

Namna mbaya ya kubana chakula ni kupunguza milo ya watoto. Namna nzuri ni kubadilisha aina ya chakula, mahali pa kununua na kipimo. Dagaa, maharage, kunde na choroko hushika nafasi ya nyama. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya maboga ni mboga za bei nafuu zenye virutubisho vingi. Dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, hivyo ina lishe kuliko sembe, na anayepeleka mahindi mashineni hukwepa gharama ya kukoboa.

Kipimo kina uzito wake. Mafuta ya kupima, sukari ya robo na mkaa wa kopo hugharimu zaidi kwa kila kilo kuliko dumu, mfuko au gunia. Anayeishi kwa kipato cha siku analazimika kununua hivyo, kwa hiyo uchache wa fedha unamfanya alipe bei kubwa zaidi. Majirani watatu wanaochanga gunia moja la mahindi au la mkaa na kugawana huondoa sehemu ya hasara hiyo. Duka la mangi linalokopesha kwa daftari lina faida ya kweli siku fedha zinapokosekana, ila kila kilichochukuliwa kinapaswa kuandikwa pia katika daftari la nyumbani.

### Nishati

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema na kuokoa mkaa. Kuyapika ya siku tatu kwa mara moja, kisha kuyaunga kidogo kidogo, huokoa zaidi pale penye namna ya kuyahifadhi. Jiko lenye sehemu ya ndani ya udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia mkaa pungufu kuliko jiko la bati tupu. Jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Kikwazo chake ni bei ya kulinunua.

Umeme wa kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, humwezesha mtumiaji kuona uniti zikipungua siku kwa siku. Daraja la bei nalo ni la kuangaliwa. Kwa bei zilizopangwa Tanzania mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa uniti, wakati yule wa daraja la kawaida alilipa 292. Kenya nayo iliweka bei ya chini kwa wasiozidi uniti 30, kuanzia mwaka 2023. Anayevuka mpaka wa daraja lake anaweza kulipa bei ya juu zaidi.

### Kodi ya nyumba

Katika miji ya Tanzania wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Familia iliyokwisha kulipa ina muda wa kujipanga, na inapaswa kuutumia kuzungumza na mwenye nyumba kabla mkataba haujaisha, iwe ni kuomba kulipa kwa miezi michache michache au kurudisha chumba kimoja. Kuhama kunadai hesabu kamili. Ada ya dalali, ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, gari la mizigo, na nauli mpya za kazini na shuleni vinaweza kumeza unafuu wa nyumba ya bei ya chini.

### Elimu na afya

Tanzania iliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kenya iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003. Kumhamisha mtoto kutoka shule ya binafsi kwenda ya serikali kunaumiza wazazi wengi, lakini kufanya hivyo mapema, mwishoni mwa muhula, ni salama kuliko mtoto kurudishwa nyumbani katikati ya masomo kwa sababu ya deni.

Dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa na VVU haziingii kwenye orodha ya kupunguzwa. Kuziruka huleta kulazwa, na gharama ya kulazwa huzidi mara nyingi kilichookolewa. Michango ya bima ya afya inalindwa kwa sababu hiyohiyo.

### Michango na jamaa

Kadi za harusi, sendi-ofu na ubarikio huja hata kipato kinaposhuka. Hapa aibu hugharimu familia fedha nyingi. Anayeieleza kamati ya sherehe mapema kwamba ahadi ya 50,000 imekuwa 10,000 hubaki mwanajamii. Anayenyamaza na kuacha kupokea simu hupoteza watu atakaowahitaji.

Mfuko wa kufa na kuzikana, vikoba, upatu na chama ni bima ya wasio na bima, hivyo inafaa kuomba hisa zipunguzwe kuliko kujitoa. Nguvu ya mtandao wa jamaa imepimwa. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba kaya zisizotumia M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, zilipopatwa na mshtuko wa kipato zilipunguza matumizi kwa asilimia 7, wakati matumizi ya kaya zilizokuwa na huduma hiyo hayakushuka. Waliokuwa nayo walipokea msaada kutoka kwa watu wengi zaidi.

## Madeni

Hatari kubwa katika miezi ya mwanzo ni kulipia matumizi ya kila siku kwa mkopo wa riba kubwa. Watanzania huita mikopo hiyo "kausha damu": marejesho ya kila siku au kila wiki, dhamana ya vyombo vya ndani, na mkopo mpya wa kulipa wa zamani. Mikopo ya haraka ya simu inafuata njia hiyohiyo pale inapogeuka kuwa sehemu ya bajeti. Mwenye deni benki au SACCOS hufanya vizuri kwenda mwenyewe kabla ya kuchelewesha rejesho la kwanza na kuomba muda uongezwe. Akisubiri hadi wadhamini waanze kupigiwa simu, nafasi ya kupatana inakuwa imepungua.

## Mgawanyo ndani ya nyumba

Makato ya bajeti huangukia miili ya watu, na hayawi sawa kama hakuna anayeyasimamia. Katika nyumba nyingi mama hula mwisho na hula kidogo, hata akiwa mjamzito au akinyonyesha. Binti ndiye anayebaki nyumbani ili dada wa kazi aondolewe. Upungufu wa lishe katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, huacha udumavu usiorekebishika kwa urahisi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kwa sababu hiyo mazungumzo ya wazi ni sehemu ya hesabu. Mume anayeficha kwamba ameachishwa kazi, au mke anayeficha deni la kikundi, huiacha nyumba ikiendelea kutumia kipato ambacho hakipo. Watoto wakubwa pia wanastahili kuelezwa, kwa maneno yasiyowatia hofu.

## Mipaka ya kubana

Mwaka 1988 Jane Corbett, akichambua mifano ya njaa, alionyesha kwamba kaya hustahimili kwa hatua: huanza na akiba na misaada, na huchelewa kadiri ziwezavyo kuuza mali zinazozalisha. Mantiki hiyo inahusu pia mjini. Televisheni au seti ya makochi huuzwa kabla ya cherehani, pikipiki ya kazi, jokofu la biashara au shamba, kwa kuwa anayeuza nyenzo ya kazi anauza pia kipato cha kesho.

Kila kaya ina kiwango ambacho chini yake kukata zaidi ni kudhuru. Ikifika hapo, inahitaji kuongeza kinachoingia au kupata msaada, ukiwemo wa umma kama Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, au Inua Jamii ya Kenya. Kuwahimiza wenye kipato kidogo kabisa waishi kwa nidhamu zaidi, bila kipato wala kinga, ni kuwatwika lawama ya jambo lisilo kosa lao.

## Kipato kinaporejea

Matumizi hurudishwa kwa mpangilio pia. Kwanza ni lishe na matibabu yaliyoahirishwa, kisha madeni yenye riba kubwa, kisha hisa za kikundi na akiba ya dharura, hata kama inaanza na fedha ya wiki moja ya chakula. King'amuzi na vifurushi vikubwa husubiri. Kaya iliyotunza daftari lake inajua sasa ni kiasi gani hasa inachohitaji kuishi kwa mwezi, na kiasi hicho ndicho kipimo cha akiba inayopaswa kujengwa kabla ya mshtuko mwingine.