Nani Anarithi Sauti? Benga, Mazishi na Uvumi wa Uhai Mjini Kisumu

Benga, muziki wa magita wa Waluo, imewazika vigogo wake mmoja baada ya mwingine. Okatch Biggy wa bendi ya Heka Heka aliaga katika miaka ya 1990. D.O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alikufa katika ajali ya barabarani mjini Kisumu Mei 2006. Musa Juma wa Orchestra Limpopo International alifia Mombasa Machi 2011. Ukipita mtaa wa Manyatta mjini Kisumu jioni, kutoka Kondele hadi Kona Mbuta, bado utawasikia kwenye matatu, kwa vinyozi na kwenye baa. Lakini dai kwamba mmoja wao yu hai, kajificha mahali, halijawahi kushika mizizi. Makala haya yanauliza kwa nini, na ni nini kilichoziba pengo waliloacha.

Swali hili lina uzito kwa sababu kwingineko mambo yalikwenda vingine. Elvis Presley alifariki Memphis, Marekani, Agosti 16, 1977. Miaka miwili baadaye, kampuni ya rekodi ya Sun ilimtoa mwimbaji aliyevaa barakoa, kwa jina Orion, mwenye sauti iliyofanana mno na ya marehemu. Aliyeimba alikuwa Jimmy Ellis, ila barakoa iliwaachia mashabiki nafasi ya kutumaini. Kufikia 1988 kulikuwa na kitabu kizima kinachohoji kifo hicho, na watu wa Kalamazoo, Michigan, wakidai kumwona Elvis mitaani. Uvumi na uigizaji vilikuwa vikilishana.

Misiani alikuwa na kila sababu ya kuzushiwa uhai. Alizaliwa upande wa Tanzania, akajijengea jina upande wa Kenya, akakamatwa zaidi ya mara moja kwa nyimbo ambazo wenye mamlaka walizisikia kama siasa. Kisha akafa ghafla. Kilichouzima uvumi kabla haujawaka ni namna Waluo wanavyozika. Maiti haitoki mochari kimyakimya: husindikizwa kwa magari na bodaboda, hulala nyumbani, jeneza hufunguliwa, na jamaa, majirani na wageni hupita mmoja mmoja kumtazama marehemu. Anayerudi Manyatta kutoka matangani husema, "Nimemwona." Ushahidi huo husambaa upesi kuliko porojo. Mwanasiasa Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, umati uliofurika uwanja wa Mamboleo, Kisumu, ulidai jambo hilohilo: kumwona kwa macho.

Ushahidi huo ukizuiwa, imani hutikisika. Mwanamuziki Abenny Jachiga alifariki Kisumu Juni 2020, wakati kanuni za korona zilipokuwa zimebana mazishi. Waombolezaji walikabiliana na polisi, na mabomu ya machozi yakafyatuliwa. Kuyaita hayo utovu wa nidhamu ni kukosa kuona kilichodaiwa. Watu walikuwa wakitetea haki ya kushuhudia kifo, maana walijua kwamba mazishi ya haraka huacha maswali yasiyo na wa kuyajibu.

Ipo hoja ya kupinga. Nchini Afrika Kusini, mwimbaji wa maskandi, muziki wa Wazulu, Khulekani "Mgqumeni" Khumalo alifariki 2009 na akazikwa. Mwaka 2012 alitokea mtu KwaZulu-Natal akidai ndiye yeye, kwamba alikuwa ametekwa kichawi. Umati ulifurika, na baadhi ya jamaa wakamkubali, hadi alama za vidole zilipoonyesha kuwa ni mtu mwingine. Basi mazishi peke yake hayatoshi. Palipo na kiu ya sauti iliyopotea, atajitokeza wa kuitumia.

Kisumu kiu hiyo hutulizwa hadharani, na muundo wa benga wenyewe huchangia. Wimbo huanza kwa maneno, kisha hufika mahali mwimbaji akanyamaza na magita yakafukuzana kwa kasi. Wakati wa pakruok, muziki hushushwa, shabiki husogea na noti mkononi, akajisifu na kuwataja jamaa, wapenzi na kijiji chake. Wimbo wa marehemu ukipigwa leo hupokea majina ya watu walio hai usiku huo. Ndiyo maana wenzake Okatch Biggy, akiwemo Aluoch Jamaranda, waliweza kuendelea kama Super Heka Heka bila barakoa wala kujifanya yeye. Msikilizaji anajua nani amekufa na nani anaimba. Anachotaka ni gita lishikwe inavyopaswa.

Kwa hiyo si haki kuwaita wasanii hawa waigaji. Wengi walijifunza kazi jukwaani, kando ya marehemu mwenyewe, na wanachokifanya ni urithi wa ufundi. Wahakiki wanaohesabu nyimbo mpya pekee huukosa ubunifu ulio katika kuuhuisha wimbo wa zamani mbele ya hadhira mpya.

Tatizo liko kwenye malipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, tungo za Misiani zinalindwa hadi mwisho wa 2056, na za Musa Juma hadi mwisho wa 2061. Nchini Marekani, wasimamizi wa mali ya Elvis huendesha wenyewe shindano la wanaomuenzi, na jina lake likawa mali inayolindwa. Kisumu, wimbo unaweza kupigwa usiku kucha kwenye baa na kunakiliwa kwenye flashi kibandani bila mjane au watoto kupata senti.

Hatua ya kwanza ni orodha ya wazi ya tungo, watunzi, wapiga gita na warithi, iandaliwe na mashirika ya kukusanya mirabaha pamoja na familia na bendi zenyewe. Ya pili ni makubaliano ya maandishi kati ya bendi na familia kuhusu jina na mgao. Wapiga gita waliorekodi na magwiji hawa wanazeeka, na wao ndio wanaojua nani alitunga nini. Wahojiwe sasa.