Korongo Ni Ndege Gani? Historia Fupi ya Majina ya Ndege wa Majini

Neno korongo lina maana zaidi ya moja. Ni mnyama wa porini mwenye pembe. Ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Tena ni ndege mwenye miguu mirefu. Maana mbili za kwanza hazimtatizi mfasiri, kwa kuwa muktadha huzitenga. Tatizo limo katika maana ya tatu, kwani kwa jina hilo moja tumezoea kuwaita ndege wa jamii tatu mbalimbali.

Na tulitazame Ziwa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Ni ziwa la magadi, lenye kina kifupi, lisilo na mto utokao, na sehemu ya eneo lake imo katika hifadhi ya taifa tangu mwaka 1960. Mtazamaji mwenye subira ataona ufuoni ndege ambaye arukapo huikunja shingo mfano wa herufi S. Ataona na mwingine arukaye shingo ameinyoosha mbele, ambaye hana sauti ya maana bali hugonganisha mdomo wake. Kisha, penye majani mabichi, ataona wa tatu, mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, naye hucheza kwa kurukaruka mbele ya mwenzake. Macho yameona ndege watatu. Ulimi wasema korongo, korongo, korongo.

Asili ya upungufu huu ni historia. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Madan alifanya kazi yake Unguja na kutoa kamusi mwaka 1903. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilichukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamusi zake zikatoka mwaka 1939. Kwa hiyo msamiati wa ndege uliotufikia kwa maandishi ulikuwa hasa ule wa watu wa pwani. Nao haukuwa haba: tulirithi heroe, mwari, mnandi, yangeyange na furukombe, na kila jina lina mwenyewe.

Lakini Kiswahili kilipokwenda bara, kwanza pamoja na misafara ya biashara na baadaye kwa njia ya shule na utawala, kilikuta maziwa ambayo ndege wake walikwisha kupewa majina na wenyeji. Majina hayo ni machache sana yaliyoingia katika kamusi zetu. Hata jina Manyara husemwa kuwa latokana na Kimaasai, emanyara, yaani mnyaa unaopandwa kuzunguka boma. Jina la ziwa tulilipokea. Majina ya ndege wake tuliyaacha, tukalinyoosha neno korongo hadi likapwaya.

Pengine msomaji atauliza kuna hasara gani. Mkataba wa ardhi oevu uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unawataja ndege wa majini katika jina lake lenyewe. Hali ya ndege hao hupimwa kwa kuwahesabu, na hesabu ni ya kila aina peke yake. Yule mwenye taji la dhahabu aliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Karani akiandika "korongo 40", hapana ajuaye kama wale walio hatarini ni arobaini au hakuna hata mmoja. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sheria ikimkataza mtu kumwinda korongo, inamkataza kumwinda yupi? Hakimu hawezi kuhukumu kwa neno lenye tafsiri tatu, wala mwananchi hawezi kulitii.

Yako pia maneno tuliyonayo tusiyoyatumia. Mara nyingi twasikia "flamingo", au hata korongo kwa mara nyingine, ilhali heroe limo kamusini. Tena heroe wa kwetu ni wa aina mbili. Heroe mkubwa hula wadudu na viumbe wadogo wa matopeni. Heroe mdogo, mwenye mdomo wa rangi iliyokoza, huchuja miani midogo iliyo karibu na uso wa maji. Huyu mdogo hutaga hasa katika Ziwa Natron, ambako Leslie Brown alikuta viota vyake mwaka 1954. Mwalimu asiyetenganisha aina hizi mbili hawezi kueleza kwa nini zinaweza kula ziwa moja bila kunyang'anyana chakula.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, heroe, mwari, mnandi na wenzao wafundishwe shuleni kwa majina yao. Pili, korongo abaki kuwa jina la yule mwenye kugonganisha mdomo, na jamii nyingine mbili zitafutiwe majina yao. Tatu, majina hayo yasibuniwe mezani kabla ya kuwauliza wavuvi, wafugaji na wakulima wanaoishi kando ya maziwa. Pale watakapokosa jina, ndipo tuunde, tukifuata mfano wa domomwiko, jina ambalo kila amwonaye ndege huyo hulielewa bila kufafanuliwa.

Kazi ya istilahi huanza kwa kutazama. Kamati itakayokaa asubuhi moja kando ya maji, pamoja na mwenyeji ajuaye ndege wake, itapata maneno ambayo kamusi za pwani hazikuweza kuyapata.