Uchaguzi wa rais wa Burundi, 1993

Uchaguzi wa rais wa Burundi wa mwaka 1993 ulifanyika tarehe 1 Juni 1993. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa rais nchini humo kuwa na wagombea zaidi ya mmoja.

Historia

Tangu ufalme ulipoondolewa mwaka 1966, Burundi ilitawaliwa na maafisa watatu wa jeshi, wote Watutsi: Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Machi 1992 iliruhusu vyama vingi.

Wagombea na matokeo

Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alipata takriban asilimia 65 ya kura. Rais Buyoya wa UPRONA alipata karibu theluthi moja, na Pierre-Claver Sendegeya wa PRP chini ya asilimia 2. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha walipiga kura. Buyoya alikubali kushindwa, na tarehe 10 Julai Ndadaye akaapishwa kuwa rais wa kwanza Mhutu. Alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu.

Mauaji ya rais

Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walioasi walimuua Ndadaye mjini Bujumbura. Waliuawa pia spika wa bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Kwa kuwa kikatiba spika ndiye aliyepaswa kushika nafasi ya rais, nchi ilibaki bila kiongozi. Watutsi wengi waliuawa vijijini, na jeshi likawaua Wahutu wengi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata.

Wakimbizi na Mtabila

Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia nchi jirani. Katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, wengi waliishi katika kambi za wilaya za Kibondo na Kasulu, ikiwemo kambi ya Mtabila. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalifungua njia ya amani. Mwaka 2005 rais alichaguliwa na bunge. Wananchi hawakumchagua rais moja kwa moja tena hadi mwaka 2010. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, miaka 19 baada ya uchaguzi huo.