Urithi wa Uesugi Kenshin: Vita vya Otate, 1578–1580

Katika mwezi wa Aprili 1578, ndani ya ngome ya Kasugayama, jimbo la Echigo, ambalo leo ni mkoa wa Niigata katika Japani, Uesugi Kenshin alianguka ghafula. Akalala siku nne asijitambue, na tarehe 19 akafa. Alikuwa bwana wa kisamurai aliyeogopwa na majirani wake wote. Tena alikuwa ameshika utawa wa Kibuddha, hakuoa wala hakuzaa. Aliacha ngome imara, ghala za silaha, dhahabu nyingi, na wana wa kupanga. Neno lililo wazi la nani amrithi hakuliacha.

Miongoni mwa wana hao, wawili ndio walioweza kudai kiti. Kagekatsu alikuwa mwana wa dada yake Kenshin, na baba yake, Nagao Masakage, alikufa maji mwaka 1564. Kwa Kiswahili twamwita mpwa, na neno latosha. Wa pili ni mgumu zaidi kumpa jina. Alizaliwa katika ukoo wa Hojo, maadui wa Kenshin wa siku nyingi, na palipofanywa suluhu mwaka 1569 aliletwa Echigo mwaka uliofuata awe dhamana. Kenshin akamfanya mwana, akamwoza dada yake Kagekatsu, akampa na jina ambalo yeye mwenyewe aliitwa ujanani: Kagetora. Suluhu ilivunjika mwaka 1571, lakini dhamana hakurudishwa kwao. Basi alikuwa mwana, mkwe na mgeni, yote kwa pamoja.

Wanazuoni hawajaafikiana Kenshin alimkusudia nani. Daftari la wajibu wa vita la mwaka 1575 lamtaja Kagekatsu kwa heshima na kumpangia askari 375, idadi kubwa. Kagetora hamo kabisa. Wako wasemao kwamba hapo Kagekatsu alikwisha wekwa tayari. Wengine husema kinyume, kwamba mrithi wa kweli haandikwi pamoja na watumishi. Mimi naona kwamba daftari la askari haliwezi kutoa hukumu hiyo.

Kagekatsu, kwa vyovyote, hakungoja hukumu. Aliingia ngome ya ndani, akashika hazina na silaha, na siku 11 baada ya kifo aliandika barua kueleza kwamba amefanya hivyo kwa wosia wa marehemu na kwa kusihiwa na watu. Barua hii hutajwa sana. Lakini aliyeiandika ni mtu aliyekwisha keti juu ya dhahabu. Kadhi gani angeupokea ushahidi huo asiulize neno?

Katika Juni, baada ya risasi kurushwa ndani ya ngome moja, Kagetora alitoka na jamaa zake akakimbilia Otate, nyumba ya mzee Uesugi Norimasa, yule ambaye Kenshin alirithi kwake jina la Uesugi. Kaka yake, Hojo Ujimasa, alikuwa ameshikwa na vita vyake katika Kanto, akamwomba shemeji yake, Takeda Katsuyori, aende kumsaidia. Katsuyori akaenda na jeshi. Hapo ndipo hazina ilipofanya kazi yake: Kagekatsu alimpa dhahabu, akamwachia na ardhi, na mwaka 1579 akamwoa dada yake. Katsuyori alijaribu kusuluhisha, kisha akarudi kwake. Majeshi ya Hojo yalipofika yalivuka milima, lakini theluji ya Echigo ikawarudisha.

Otate ilianguka kabla theluji mpya haijaja. Norimasa alitoka kwenda kutafuta amani, akimchukua Domanmaru, mwana wa Kagetora, na njiani wote wawili wakauawa na watu wa Kagekatsu. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka 10. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa mwana wa dada yake Kagekatsu, yaani mpwa, vile vile kama Kagekatsu alivyokuwa kwa Kenshin. Kagetora alikimbilia ngome ya Samegao. Mwenyeji wake, Horie Munechika, akamgeuka, naye akajiua tarehe 19 Aprili 1579, mwaka kamili tangu kifo cha Kenshin. Mkewe naye hakunusurika vita hivyo.

Wakuu wengine walipigana hata 1580, kisha wakagombania malipo ya ushindi. Katsuyori alichuma dhahabu, akapoteza urafiki wa Hojo, ambao walijiunga na Tokugawa. Mwaka 1582 ukoo wa Takeda ukaangamia. Mwaka huo huo watu wa Oda Nobunaga waliiteka ngome ya Uozu, mlango wa Echigo, nao wangaliendelea mbele kama Nobunaga mwenyewe hangaliuawa Kyoto siku iliyotangulia.

Mwaka 1664 mjukuu wa Kagekatsu, Tsunakatsu, alikufa ghafula bila ya kutaja mrithi. Serikali ya Tokugawa ilikata milki ya Uesugi kutoka koku 300,000 za mchele hadi 150,000, na waliobaki wakamkalisha kitini mtoto mdogo, Tsunanori. Alikuwa mwana wa dada yake marehemu.