Tunda: Kwa nini shauri kwa wamama wenye virusi vya ukimwi limebadilika mara nyingi

Tunda, eneo la Kibombo, Maniema – Mama mwenye virusi vya ukimwi akijifungua, swali la kwanza la familia ni hili: mtoto anyonye au asinyonye? Katika nyumba moja majibu yanaweza kuwa matatu. Bibi anakataza. Shangazi anasema anyonye miezi michache, kisha aachishwe. Muuguzi anasema anyonye, na mama ameze dawa. Hakuna anayesema uongo. Kila mmoja anashika shauri la wakati wake.

Shauri la kwanza lilitoka mwaka 1985. Watafiti walikuta virusi ndani ya maziwa ya mama, na Marekani ikawaambia wamama wenye virusi wasinyonyeshe. Kule maji safi yanatoka bombani na maziwa ya kopo yanauzwa karibu. Ndipo mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani (OMS) na UNICEF wakasema tofauti: pale ambapo kuhara na utapiamlo vinaua watoto wengi, mama anyonyeshe hata akiwa na virusi.

Utafiti wa Nairobi ulionyesha ugumu wa jambo hili. Wamama 425 wenye virusi waligawanywa: wengine wanyonyeshe, wengine watumie maziwa ya kopo. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Kufikia miaka miwili, watoto wapatao 37 kwa 100 waliambukizwa upande wa kunyonya, na 21 upande wa kopo. Lakini vifo havikutofautiana sana: 24 kwa 100 upande wa kunyonya, 20 upande wa kopo. Na wamama wale walichaguliwa kati ya wenye maji ya bomba.

Wakati huo OMS iliweka masharti: maziwa ya kopo yatumike ikiwa yanakubalika, yanawezekana, bei yake inafaa, yanapatikana siku zote na ni salama. Kwa familia ya kijijini Maniema, masharti hayo yalikuwa mlima. Miaka ya vita bidhaa zilifika Kindu kwa shida na kwa bei kubwa, na kutoka Kindu hadi Tunda kuna safari nyingine. Tena mama akionekana na chupa, majirani wanaanza kunong'ona.

Botswana ilijaribu njia ya kopo, serikali ikitoa maziwa bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaua watoto wengi. Wengi wao walikuwa hawanyonyi.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, utafiti wa Durban ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto anayepewa maziwa ya mama peke yake haambukizwi kwa urahisi kama anayechanganyiwa na maji, uji au maziwa mengine. Mwaka huo huo, Kampala, ilionekana kwamba dozi moja ya nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto, inapunguza maambukizo karibu nusu.

Dawa ndiyo iliyogeuza shauri. Mwaka 2010 OMS ilisema mama anyonyeshe hadi miezi 12 huku dawa ikitumika. Mwaka 2016 ikafikisha miezi 24 au zaidi, mama akiendelea na dawa.

Basi leo njia ni hii: mama ameze dawa kila siku, mtoto apewe nevirapine ya maji tangu kuzaliwa na apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Miezi sita ya kwanza anyonye tu, bila hata kijiko cha maji. Kisha uji na chakula vinaongezwa, ziwa likiendelea.

Lakini shauri hili limesimama juu ya mguu mmoja, nao ni dawa. Zikikosekana kwenye kituo cha afya, au mama akiziacha kwa kuogopa mume na majirani, hatari inarudi ndani ya maziwa. Kwa hiyo bibi na shangazi nao waelezwe, maana mama anapochoka usiku, wao ndio wanaoshika kijiko.