Kuuliza akili unde: Somo kutoka Kitui ya 1849

MWISHONI mwa mwaka 1849, mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kutoka Rabai, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Kivoi alimsimulia habari za mlima wenye kilele cheupe. Krapf hakutosheka na masimulizi. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipofunguka, aliuona mwenyewe. Jina aliloliandika kutokana na matamshi ya Kikamba, Kiinyaa, ndilo lililozaa Kenya, jina la koloni kuanzia 1920.

Kule London, William Desborough Cooley, msomi aliyechora ramani za Afrika kutoka vitabuni bila kuikanyaga, aliikana theluji hiyo katakata.

Sasa niambie, mwanafunzi wa Kitui au Makueni anayeuliza akili unde anaongea na nani, Kivoi au Cooley? Mimi naona ni Cooley. Imesoma mengi, haijatembea. Ukiiandikia tu “nieleze historia ya Wakamba”, itakupa uji mwepesi. Itajie mahali, kipindi na msomaji: “Mweleze mwanafunzi wa Gredi ya 9 biashara ya pembe za ndovu kati ya Kitui na Mombasa miaka ya 1840, taja usilo na hakika nalo.” Hapo utapata mnofu.

Kisha fanya alivyofanya Krapf. Mwendee nyanya yako kijijini ukathibitishe, kwani mengi ya Ukambani yangali vinywani, hayajaandikwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuliamini jibu la kwanza.